Mkeka wa Matangani

Bi Hidaya aliutandika uani kwa jirani yake mkeka aliozoea kwenda nao matangani, akaketi, akanyoosha miguu. Mama Shomvi akatoka mbio, ufunguo unaning'inia shingoni.

"Unanichuria, dada? Nani kafa hapa?"

"Hakuna, alhamdulillahi. Ndiyo maana nimewahi."

Nyuma ya mlango wenye kufuli, Shomvi alikuwa akibishana na watu aliowasikia peke yake. Kisha akaanza kugonga ukuta kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayetwanga.

"Nyanyuka, tafadhali. Watu watasema."

"Wameshasema mpaka wamechoka. Alipofariki baba yake walijaa hapa na masufuria yao. Leo mtoto anaumwa akili, hata wa kuja kukuomba chumvi hakuna."

Mama Shomvi aliushika ufunguo kwa mikono miwili. "Wewe unataka nini?"

"Twende naye hospitali. Nimeshaongea na muuguzi wa wagonjwa wa akili, anatungoja asubuhi hii. Nimemwambia tunakuja watatu."

"Nikifungua akanirukia, je?"

"Tutakuwa wawili."

Kugonga kukakoma ghafla. Hapo ndipo hata Bi Hidaya alipoogopa.

"Mama," Shomvi akaita kutoka ndani, sauti imekauka. "Nani huyo uliye naye?"

Mama Shomvi akauvua ufunguo shingoni. Ulitafuta tundu la kufuli, ukateleza, ukatafuta tena. Bi Hidaya akasema bismillahi kimoyomoyo, akajisogeza pembeni ya mkeka, akaacha nafasi ya mtu kukaa.