Mbao za Sebuleni

Hilletje alijua mambo ya sakafu kuliko mtu yeyote katika jengo lao la ghorofa mjini Groningen, Uholanzi, ukiacha vigae vya bafuni, alivyovichagua mwenyewe na kuteleza juu yake mara mbili.

Chumbani alitandika zulia, jikoni plastiki ya kupiga deki. Sebuleni alitaka mbao, na kanuni ya jengo inasema chini ya mbao lazima iwekwe sponji ya kuzuia kelele, la sivyo unazing'oa zote.

Sasa jirani wa chini alikuwa amesimama mlangoni, na Hilletje hakutulia. Alisimamia mguu huu, akahamia ule, mbao zikilia kwa kila kisigino.

"Bibi, sponji uliweka?"

"Niliweka, mwanangu. Nene kama mkate."

"Kila kona?"

"Hata chini ya kabati. Labda una masikio ya paka."

Jirani alitabasamu kwa upole.

"Leo asubuhi nikiwa kitandani kwangu, bibi, nilikusikia ukimwambia dada yako kwenye simu kwamba hukuweka hata kipande, na kwamba yule kiziwi wa chini hatajua."