Dizeli ya Lévi

"Ile gari siiwashi tena."

"Utaiwasha. Mpaka Mjomba afike."

"Mama siyo mutoto, shemeji. Tunamufanyia mchezo gani huu?"

"Sema polepole. Dirisha yake iko wazi."

Omer akaligeukia dirisha la mama yake. Walikuwa wamesimama kwenye pakingi ya apatimenti, Haltom City, jua ndiyo kwanza linatoka, yeye na Bibiche, mjane wa kaka yake. Katikati yao kulikuwa na gari ya kaka huyo, Lévi, dizeli ya Kijerumani, boneti bado ya moto. Lévi mwenyewe alikuwa mochari, Houston.

Jumapili Lévi alipanda gari ya rafiki, akaenda Gulfton, Houston, kwa Omer kuchukua turbo, feni ya kusukuma hewa kwenye injini. Ya kwake ilikuwa imeanza kupiga mluzi, na Omer alikuwa amemtafutia nyingine, ya mtumba lakini safi. Wakati wa kurudi lori likawaingilia. Rafiki alivunjika mguu. Lévi hata hospitali hakufika. Turbo ilirudi ndani ya boksi lake, haina mkwaruzo. Sasa ilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari ya Lévi na hakuna aliyetaka kuigusa.

Mama yao macho yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, na presha yake hata daktari anaiogopa. Papa yao alipokufa, kule Uvira, mtu alimpigia kelele habari ile sokoni, mbele ya samaki zake. Mama alianguka palepale, akakaa muda mrefu bila kutoa neno. Safari hii familia ilikata shauri: hakuna kumwambia mpaka Mjomba Élysée afike kutoka Canada. Yeye ni kaka yake wa tumbo moja. Atamkalisha chini, watu wa kanisa wakiwa karibu, amwambie vile mtu anavyotakiwa kuambiwa. Angefika kesho mchana. Mama aliambiwa tu kwamba kaka yake anakuja kusalimia, na hakuuliza kitu.

Kumficha hakukuwa kazi. Lévi alikuwa anafanya kazi usiku kwenye warehouse. Anarudi asubuhi, analala mchana kutwa, jioni anaondoka. Mama alimjua kwa masikio: injini inaingia, mlango wa gari, viatu, mlango wa chumba. Kwa hiyo Omer alikuja na basi kutoka Houston, akachukua funguo. Jioni aliondoka na gari, akalala ndani yake nyuma ya kituo cha mafuta. Asubuhi aliirudisha, akapita koridoni na viatu vya kaka yake. Mama akiuliza kutoka chumbani kwake, "Umefika?", yeye alikohoa kidogo, vile Lévi alivyokuwa anakohoa. Kisha alijifungia, akalia kwenye mto.

Gari yenyewe aliichukia. Lévi aliisifu kuliko mke. Lita moja nukta tisa, silinda nne, maili laki tatu na nusu, na kichwa cha injini hakijawahi kufunguliwa. Kanisani alikuwa anachosha watu. Dizeli ya turbo haifi, aliwaambia, inauliwa na dereva. Omer alikuwa anamcheka. Kwake gari ni gari: unaingia pakingi, unageuza ufunguo kuzima, unatoka.

Bibiche naye alikuwa na kesi yake na hiyo gari. Kila asubuhi Lévi akifika, alikuwa anabaki ndani, injini inanguruma, uji unapoa mezani. Yeye alikuwa na uhakika ni simu. Ni mwanamke. Waligombana juu ya hiyo mpaka Jumapili yenyewe, na Lévi akaondoka bila kuagwa.

"Leo ningemuacha akae humo mpaka jioni," Bibiche alisema, akiangalia kiti cha dereva.

Omer akapangusa kioo kwa mkono, kilikuwa safi tayari.

"Mara moja tu," Bibiche akasema. "Kesho asubuhi, basi. Akianguka huyu mama, nitabaki na nani?"

Omer akatikisa kichwa, lakini funguo akazirudisha mfukoni. Wakaingia. Bibiche akaenda jikoni, akagonga sufuria kwa makusudi, nyumba isikike kama nyumba. Omer akavuta pumzi, akaanza kutembea koridoni kwa ule mwendo wa kaka yake, mzito, wa kuburuza kisigino.

Mama alikuwa amesimama nje ya mlango wake, mkono mmoja ukutani.

Omer akaganda. Akakohoa.

Mama hakuuliza kama amefika. Alinyoosha mkono, akamgusa shati kifuani, akauacha hapo kidogo.

"Papa yenu alikuwa na lori ya turbo," akasema. "Nilipanda naye miaka mingi, Uvira mpaka Bukavu. Ikitoka barabarani ikiwa na moto, haizimwi palepale. Unakaa nayo kwanza, inguruma, ipumue. Ukizima haraka unaiua. Lévi alifundishwa na yeye, mukononi."

Jikoni sufuria zikanyamaza.

"Kesho asubuhi, Omer, iache ipumue kidogo," Mama akasema. "Nataka kumusikia tena mara moja, mbele ya Élysée kufika."

Akageuka, akaenda zake chumbani, akipapasa ukuta.