Kofi Moja

Nikiitwa kwenye sebule ambamo spika zangu hazisikiki vizuri, huwa nasimama katikati, napiga kofi moja hewani, nasikiliza kuta na bati vinanirudishia nini. Mara nyingi tatizo ni chumba.

Mteja wangu Laurenti alinitoa karakanani hadi kwake Kilakala ili anilalamikie.

“Dada fundi, spika zako tamu, ila sauti yake ndogo. Mimi nataka muziki ujae, majirani wasisikie mambo ya humu ndani.”

Nikamwelewa. Nyumba haikuwa na dari; kila sauti ilipita juu ya kuta na kutokea nje. Mkewe alikuwa ananimiminia chai mezani, juu ya kitambaa cha kufuma. Nikanyoosha mikono, nikapiga kofi.

Mkewe akajikunyata. Mkono wa kushoto uliruka kufunika sikio, kiwiko juu. Chai ikalowesha kitambaa, ikaanza kudondoka sakafuni, na bado hakuthubutu kuushusha ule mkono.

Laurenti akacheka. “Huyu naye. Anaogopa hata kofi la fundi.”

Hata.

Miezi miwili nilikuwa nimepiga randa mbao za mkongo, nikipima kila kona ya sebule hii, nikidhani namtengenezea mtu anayependa muziki.

Nikachomoa waya wa spika. Nikafungua dirisha la uani, ambako jirani alikuwa anafua, nikamgeukia Laurenti kwa sauti isiyohitaji spika.

“Hebu rudia. Majirani wasisikie nini?”

Huko nje, mikono iliacha kufua.