Moyo wa Baba Shuleni

Siku hizi mtu akifa, moyo wake hukaa shuleni muhula mmoja, ukidunda ndani ya chupa ili watoto wajifunze, kisha familia huuzika kaburini. Siku ya wazazi, binti yangu Mwanahawa alinivuta hadi kwenye chupa ya baba yake.

"Mama, moyo ni pampu. Huku unapokea damu, huku unaisukuma. Sasa tazama." Akaikumbatia chupa. "Shikamoo, baba!"

Moyo ukaongeza mwendo.

Mwalimu akacheka. "We Mwanahawa, moyo una masikio? Ni joto la mikono yako tu."

"Haya, mama naye amsalimie, tuone."

Watoto wote wakanigeukia. Nikainama, nikajifanya nasoma maandishi ya chupa. Niliogopa kwamba kwangu mwendo hautabadilika.