Masharubu ya Kasiksi

Glasi ya kasiksi ilikaa mbele ya mzee aliyeitwa papa kwa heshima, na papa hakuigusa.

Kutoka chini ya jukwaa, Delphine alimwona kijana aliyeileta akirudi nyuma kama mbuzi aliyesikia habari za harusi. Wanafunzi mia tatu wa programu yake walishapata washauri wa biashara. Alibaki huyu mpika kasiksi, pombe ya ndizi, na mshauri wa mwisho alikuwa papa huyu, mfanyabiashara wa mtaa wa Ibanda.

“Kunywa basi, papa,” kijana akasema.

“Na weye je?”

“Hapana, papa. Iko ya kliyanti.”

Delphine akajishika kinywa. Nchi nzima ya Bushi inajua: mwenye kuleta pombe huionja kwanza, mgeni aone haina sumu. Na nani aliwahubiria watoto hawa, kwa mikrofoni na sauti ya askofu, kwamba bidhaa ni ya mteja, wasiiguse? Yeye mwenyewe.

Akapanda jukwaani, akanyakua glasi, akagugumia mbele ya ukumbi mzima. Povu likamwotesha masharubu.

“Ni miye nilimukataza kuonja, papa. Huyu ni mutoto wangu.”

Papa akayatazama masharubu, akaichungulia glasi.

“Sasa maman, njo umemaliza yote? Mutoto, leta chupa.”