Samaki Chini ya Kiti

Nilikigeuza kiti cha wakoloni nikipige msasa, nikamwona samaki mdogo aliyechongwa kwa patasi, hana jicho. Samaki huyohuyo yuko kwenye kitanda cha bibi. Babu, aliyekuwa seremala wa wakoloni, alikatazwa na mabwana zake kuweka alama kwenye kazi yake, akawa anaificha chini.

"Kimetoka ng'ambo hiki, mama," tajiri wangu alimwambia mteja. "Huku nani angeweza?"

Mteja akaniinamia. "Mdogo wangu, huko chini kuna alama ya fundi?"

"Huyo ajue nini? Wa msasa tu huyo," tajiri akacheka, huku amenikazia macho.

Nyumbani tunakula watu watano kwa msasa huo.

Sikusikia hofu wala uchungu. Nikakiondoa kidole kilichomfunika samaki.

"Ipo, dada. Njoo uione."