Mluzi wa Mteremkoni

"Ongeza mwendo, daktari."

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, sikio kalibandika kwenye dari ya gari kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani ukutani. Nje, barabara ya kutoka mjini ilikuwa tupu. Mshale wa spidi ulipopanda, ukaanza: mluzi mwembamba, mrefu, kama wa mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo.

"Huo hapo," alisema mwenye gari. "Unanitia baridi."

Alikuwa mfamasia, lakini mtaa mzima ulimwita daktari. Sauti laini, kucha safi, mtu asiyegombana hata na mteja mlevi. Mama yake fundi alipobanwa na pumu siku ya mapumziko, ni huyu aliyefungua duka na kumletea dawa mpaka kitandani. Fundi aliapa kuutoa huo mluzi, hata ikibidi kulivua gari nguo zote.

Mara ya kwanza alikuta mpira wa mlango wa dereva umekatika kwenye kona ya juu. Akaweka mpya. Akabana karatasi mlangoni, akaivuta, ikagoma kutoka. Gari likanyamaza kama kaburi. Hazikupita siku nyingi, mluzi ukarudi, na mpira mpya ulikuwa umekatika palepale. Akawalaani wanaouza mipira ya bandia, akaweka mwingine mgumu zaidi.

Sasa mluzi ulikuwa umerudi tena, na safari hii mpira haukuwa na hata mkwaruzo.

"Kuna jambo nalishangaa," alisema daktari wakigeuza kurudi gereji. "Likilala kwako, linatoka kimya. Likilala kwangu, nikishika tu ule mteremko wa kwetu, linalia. Jirani ananitania, eti hata mbwa wake anajua nikiwa njiani."

Fundi hakucheka. Alichukua utepe wa karatasi, akaziba nyufa za milango, wakaenda, wakarudi. Mluzi upo. Akaziba vioo vya pembeni. Upo. Akaziba ukingo wa kioo cha mbele. Upo, tena kama unamkejeli. Mwishoni akaifunika kwa utepe keria ya juu, pale mizigo inapofungwa.

Kimya.

Akapanda kwenye ndoo, akapitisha vidole chini ya chuma cha keria. Vikagusa kitu cha duara. Alipokitoa, kilikuwa kipande cha bomba la mwavuli, kimekatwa ubavuni kama filimbi. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa bluu, fundo juu ya fundo, kwa mkono usio na haraka.

Akashuka kwenye ndoo. Akaenda kwenye pipa la taka, akaichakura ile mipira ya zamani, akaisogeza kwenye mwanga. Haikuwa imechanika. Ilikuwa imekatwa kwa wembe.

"Daktari, hii si kazi ya upepo. Kuna mtu."

Daktari alikipokea kile kipande, akakigeuzageuza. "Mtu atafaidi nini gari langu likipiga mluzi?"

"Wezi. Wakikusikia kule juu wanajua wana muda kiasi gani kabla hujafika. Wanamaliza shughuli zao, wanapotea."

Daktari alikuwa akiutazama uzi. Aliuvuta kidogo, akausugua kati ya vidole viwili.

"Unaujua?" aliuliza fundi.

"Uzi ni uzi tu, fundi." Akatabasamu. Akakizungushia kitambaa, akakitia mfukoni taratibu.

"Usidharau. Kikulacho ki nguoni mwako. Una mke pale, una watoto. Mtu anayeingia uani kwako na kupanda juu ya gari, ataogopa kuingia ndani?"

"Ndiyo maana nakushukuru," alisema daktari. "Leo umenisaidia kuliko unavyojua."

Fundi alikataa kumwacha aende peke yake. Alichukua spana ya magurudumu, akaketi mbele, akailaza mapajani. Jua lilikuwa bado halijazama waliposhika mteremko. Gari liliteleza pasipo sauti. Fundi alikodoa macho kila kona, kila ua, kila aliyesimama. Hakuona aliyegeuka kuwatazama. Hata mbwa wa jirani alikuwa amejilaza pembeni mwa njia, na iliwabidi wamkwepe.

Karibu na nyumba daktari alizima injini, akaliacha gari lijiviringishe lenyewe mpaka kando ya ukuta.

"Umefanya vizuri," alinong'ona fundi, spana mkononi. "Kama wamo, tutawakuta."

Wakasikiliza.

Kupitia dirisha lililo wazi ilitoka sauti ya redio. Mtu alikuwa akipiga sahani kwa kijiko kama ngoma. Mwanamke aliimba, akakosea, akajicheka mwenyewe, na watoto wakamcheka zaidi, wakimdai arudie, "Tena, mama! Tena!"

Fundi akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea, akaiweka spana sakafuni. Alijiona mjinga kidogo, na alifurahi kujiona hivyo.

"Wako salama," alisema. "Tena nyumba yako ina raha, daktari! Wengine tunaingia kwetu tunapokelewa na madai ya sabuni."

Daktari aliegemea usukani. Alikuwa amelikazia macho lile dirisha.

"Kumbe ndivyo wanavyocheka," alisema kwa ile sauti yake laini. "Sijawahi kuwasikia."

Fundi akamgeukia.

"Asante, fundi. Hapa panatosha, unaweza kwenda."

Chuma cha mkanda kikalia. Fundi alidhani anafungua mkanda wa kiti ashuke. Lakini ulikuwa ule wa suruali, na daktari alikuwa ameshaanza kuuzungushia mkononi.